Ondiek na Hesabu ya Kilimia

Kama umewahi kupeleka mtoto shule upande wa Plateau, basi unamjua Stephen Ondiek hata kama jina lake hulijui. Ni yule dereva wa basi dogo la manjano ambaye hapigi honi. Akifika kwenye geti lako anangoja, anakusalimia, halafu anashuka mwenyewe kumfunga mtoto mkanda. Watu wa Eldoret tuna haraka zetu, lakini Ondiek hakuwa nazo. Miaka ishirini na minne kwenye usukani, kwanza lori la mahindi, halafu gari la maziwa kutoka Moiben, halafu watoto wa watu, na hajawahi kukanyaga hata kuku. Hilo la kuku alilisema sana, mpaka mkewe akamkataza kulisema mbele ya wageni.

Sasa mtu kama huyo, jina lake lote limesimama juu ya macho na mikono, hebu fikiria analala vipi akijua kwamba macho yamemwacha. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu Agosti, Ondiek alikuwa haoni gizani.

Mchana hakuwa na shida. Alisoma hata yale maandishi madogo ya chini ya chupa ya dawa ya ng'ombe. Lakini jua likishatua, dunia yake ilinywea. Taa za basi zilimchorea kipande cha lami, na nje ya hicho kipande hakukuwa na kitu, si mtaro, si ua, si mtu anayetembea kando. Na watoto wanachukuliwa saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri! Giza totoro, ukungu umelala barabarani, na mtoto wa miaka sita amesimama getini na begi lililomzidi mwili. Ni nani aliyetuambia lazima mtoto afike shule kabla ya jua? Wacha niliache hilo, nitakasirika bure.

Mwezi wa Novemba alikaribia kuua mtu. Alikuwa ameshabeba watoto watano, anakata kona, mara msichana mmoja anayeitwa Nanyama, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akapiga kelele: "Mzee, mtu! Mzee!" Ondiek akakanyaga breki mpaka mabegi yakamwagika. Kando ya kioo cha kushoto, karibu hivi ungeweza kumshika shati, kulikuwa na mwanamume kwenye baiskeli na mitungi ya maziwa. Yule mtu alimtukana matusi ya kutosha, akaenda zake. Watoto walicheka. Nanyama hakucheka.

"Umeona vizuri, mama," Ondiek akamwambia.

Hakumwambia mtu mwingine. Wala hospitali hakwenda, kwa sababu daktari angemwambia kitu, na kitu kikishasemwa hakirudi ndani. Aliogopa, basi.

Mkewe ni Naomi Jepchumba, mtu wa Moiben, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi mjini. Hata nyumbani mumewe anamwita Mwalimu. Naomi ana tabia moja: hafundishi kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe. Alipofundisha kuhusu udongo, nyumba ilijaa udongo. Alipofundisha kuhusu ukungu wa mkate, wacha tu. Na kila mara mwanafunzi wake wa kwanza huwa ni mumewe, apende asipende.

Jumapili moja mwezi wa Februari, mbingu ikiwa safi kama inavyokuwa kabla ya mvua za kupanda, alimwita akiwa nje.

"Baba Felix! Kuja hapa. Leo nakufundisha."

"Nimekosa nini tena?"

"Nyota. Darasa langu linaanza nyota wiki ijayo."

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, na kutoka mlangoni hadi kwenye viti vya plastiki alihesabu hatua kimoyomoyo ili asijikwae.

Naomi alikuwa amejitayarisha. Tochi yake alikuwa ameifunga karatasi nyekundu ya biskuti, kwa sababu mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyoshazoea giza. Kwenye simu alikuwa na app ambayo mwana wao Felix, anayesoma Nairobi, alikuwa amewaelekeza kuweka kwenye simu zote mbili. "Mathe, ni rahisi, we inua tu simu juu," Felix alikuwa amesema, na kweli ilikuwa rahisi. Ukielekeza simu kwenye nyota, app inakuandikia jina lake.

"Inajuaje ninaangalia wapi?" Ondiek akauliza.

"Ina dira ndani. Lakini simu ni ya kutuonyesha njia tu. Kuangalia tunaangalia na macho. Sasa nyamaza, tukae dakika ishirini. Macho yanataka dakika ishirini kuzoea giza."

Dakika ishirini! Ondiek akapata tumaini. Kumbe labda ndiyo siri yenyewe. Labda macho yake hayakuwa na neno, ila tu hakuwahi kuyapa nafasi. Alikaa pale mikono magotini kama mtu aliye kanisani. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Aliangalia juu mpaka shingo ikauma. Upande wa magharibi aliona kitu kimoja kinang'aa, na karibu ashangilie.

"Ile pale naiona!"

"Hiyo ni Zuhura, hata ng'ombe anaiona," Naomi akasema. "Angalia kwingine. Zimejaa!"

Kwingine palikuwa peusi. Aliona moja hafifu, nyingine akaidhania, basi. Mkewe alikuwa anatazama mbingu iliyojaa nyota, na yeye aliyeketi kando yake alikuwa anatazama sufuria iliyofunikwa.

Naomi akamfundisha kupima kwa ngumi. Unanyoosha mkono, unakunja ngumi, na upana wa hiyo ngumi ni digrii kumi. Unaanza pale ardhi inapokutana na mbingu, unapandisha ngumi juu ya ngumi, na namna hiyo unamwambia mwenzako nyota iko wapi bila kubishana. Hilo Ondiek aliliweza, kwa sababu ngumi yake aliijua. Halafu Naomi akageuka kaskazini.

"Sasa pale, ngumi sita kutoka chini. Lile fungu dogo lililokusanyika. Kwenye kitabu wanaita Kilimia. Sisi kwetu ni Koremerik. Unaona ngapi?"

Ondiek akapima ngumi sita, akatazama.

"Kogo wangu, si unamkumbuka Kogo?" Naomi akaendelea, maana akianza kumsema nyanya yake hakuna kumkatiza. "Kogo hakutuma mtu kurudisha ng'ombe jioni bila kumsimamisha hapo uani. Koremerik ziko ngapi? Ukisema sita, nenda. Ukisema sioni, ni wingu, unarudishwa jikoni kukaa na watoto. Alikuwa anasema hayo macho yatapoteza ng'ombe, halafu yakupoteze na wewe. Haya, ngapi?"

Simu ilikuwa mkononi mwa Naomi, imewaka kwa mwanga hafifu. Ondiek aliichungulia kwa pembe ya jicho. App ilikuwa imechora Kilimia vizuri kabisa, vidoti vya buluu vimekaa pamoja. Akavihesabu haraka.

"Saba."

"Saba? Mimi naona sita tu!"

"Mimi ni dereva, Mwalimu."

Naomi alicheka, akampiga begani, akaandika kwenye daftari lake: Baba Felix, saba. Kesho yake alilisema hadi kwenye ofisi ya walimu, eti mume wangu amepita hamsini na bado anahesabu saba. Aliporudi na hiyo habari, Ondiek alitabasamu, halafu akaingia chooni na kukaa huko muda mrefu.

Wiki hiyo ilikuwa mbaya. Naomi alitaka waangalie kwa jioni tano mfululizo, saa ileile, na kila jioni Ondiek alichungulia simu na kusema saba. Na kila alfajiri alitoka na basi akiwa ameinamia usukani, pua karibu na kioo, anakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Malori yalimpita yakimpigia honi. Wazazi wawili walianza kuuliza kwa nini gari linachelewa. Nanyama sasa alikuwa amejiamulia kiti chake, palepale nyuma ya dereva, na alikaa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, hazungumzi na wenzake, macho barabarani. Mtoto wa miaka kumi! Ondiek alimwona kwenye kioo na akaona aibu, lakini kesho yake akawasha injini tena.

Alhamisi ilikuwa jioni ya tano. Stima zilikuwa zimepotea tangu mchana na simu ya Naomi ilikuwa imezima. Isitoshe, jirani alikuwa ameweka taa mpya ya sola ukutani, mwanga wake unamwagika uani kwao kote. Naomi akaona bora wahamie nyuma ya jikoni, kwenye giza zuri. Giza zuri! Ondiek alimfuata akiwa amemshika bega, akijifanya anamtania, na alipoketi hakujua tena nyumba iko upande gani.

"Leo tumia simu yako," Naomi akasema. "Na leo mimi sikuonyeshi kitu. Zitafute wewe mwenyewe."

Sawa, hakuna shida, Ondiek akajiambia. Simu iko mkononi mwangu, hata kuchungulia hakuna haja. Akafungua app. Mbingu ya kwenye kioo ikazunguka, ikayumba, ikatulia. Akainua simu, akaizungusha polepole mpaka vile vidoti vya buluu vikakaa katikati.

Kuna jambo ambalo hakulifikiria, na dereva mwingine yeyote hangelifikiria. Nyuma ya simu yake alikuwa amebandika pete ya sumaku, zile ambazo vijana wanauza barabarani, ili simu inate kwenye dashibodi isianguke akipita kwenye mashimo. Na dira ya simu ikikaa na sumaku, kaskazini yake inakuwa popote.

"Hizo hapo," Ondiek akasema. Akashusha simu, akanyoosha mkono kwa uhakika wa mtu anayeonyesha nyumba yake. Na kwa vile uongo ukishazoeleka unanogewa, akaongeza: "Leo ziko wazi kabisa. Naziona zote saba. Na ile ya kando hata inametameta."

Naomi akaufuata mkono wake kwa macho.

"Si unaona, Mwalimu?"

"Wapi, Baba Felix?"

"Si pale tu."

"Pima na ngumi."

Akapima. Ngumi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na ngumi ya sita akaiacha hewani. Alisikia Naomi akija nyuma yake, akaweka shavu kwenye mkono wake kama mtu anayelenga kwa manati, akatazama mahali ngumi inapoelekea. Halafu akaitoa ile karatasi nyekundu kwenye tochi, akawasha.

Majani. Majani mengi ya kijani, na tawi, na avokado mbili zinaning'inia, mita mbili kutoka pua ya Ondiek.

"Huo ni mti," Naomi akasema polepole. "Baba Felix. Umenihesabia nyota saba kwenye mti wa avokado."

"Ni simu. Hii simu imeharibika."

Naomi akaichukua simu, akaigeuza, akaona ile pete. Mwalimu wa sayansi hahitaji kuelezwa. Akaing'oa kwa ukucha.

"Ni kweli, simu imekudanganya. Hii sumaku imeivuruga," akasema. "Lakini macho yako yalikuwa wapi? Mti huu uliupanda wewe. Umekaa chini yake na hukuona kama kuna mti?"

Hapo ndipo Ondiek alipoishiwa. Alisema yote, kwa sauti ndogo, akitazama chini kwenye mduara wa tochi ambako angalau viatu vyake vilionekana. Alisema Agosti. Alisema mtu wa baiskeli. Alisema jinsi Nanyama anavyokaa. Alisema zile saba za kila siku, kwamba hata moja hakuwahi kuiona.

Naomi alikuwa ameketi. Ondiek hakujua kama ni hasira au ni kilio, mpaka aliposikia kwamba ni vyote viwili.

"Watoto kumi na tisa," akasema. "Wewe! Kila siku natoka hapa naenda kufundisha watoto wa watu, na wewe unawabeba wengine ukiwa umefunga macho. Na mimi naringa ofisini, eti saba! Mpigie Madam."

"Nitampigia kesho nikitoka."

"Ukitoka wapi?"

Ondiek akaichukua simu yake. Akampigia.

Madam Maximilla ndiye mwenye shule ya lile basi la manjano, mama mwenye roho nzuri na shughuli nyingi. Mwanzoni alidhani ni utani. Halafu akaanza kufikiria kwa sauti, kama wanavyofanya watu wenye shughuli.

"Ondiek, pole. Pole sana. Tutaona daktari, tutafanya mpango. Lakini ni saa mbili usiku sasa, nitatoa dereva wapi? Nipe kesho tu. Ijumaa moja. Jumatatu nitakuwa nimepata mtu. Si hiyo barabara wewe unaijua mashimo yote?"

Na kweli aliyajua yote. Hili nalisema kwa sababu watu wanadhani kukataa kulikuwa rahisi. Kulikuwa na uwezekano mkubwa sana kwamba kesho ingepita salama, kama jana ilivyopita, na juzi. Watoto wangeshuka, Madam angeshukuru, Jumatatu dereva mwingine angekosekana, wangeomba siku moja nyingine. Ondiek aliliona hilo waziwazi kuliko kitu chochote alichokiona tangu Agosti. Hakuogopa tena kugonga mtu kesho. Aliogopa kwamba kesho hangegonga.

"Hapana, madam," akasema. "Hata kesho siwezi. Funguo nitazileta mchana."



"Basi wazazi utawaambia wewe," Madam Maximilla akasema, na akakata.

Kuandika ule ujumbe kulimchukua muda. Naomi alishika tochi. Ondiek akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akautuma kwenye grupu ya wazazi kama ulivyokuwa:

"Wazazi wapendwa, ni mimi Ondiek dereva. Kesho gari halitakuja. Ni macho yangu. Giza likiingia sioni barabara vizuri. Tafadhali leteni watoto wenyewe. Naomba msamaha kwa usumbufu."

Aliweka simu gotini, kioo juu, akangoja matusi. Alikuwa tayari kwa matusi.

Matusi hayakuja. Wa kwanza kuandika alikuwa mama mmoja wa mapacha: "Woi, pole Mzee wetu." Halafu mwingine akaweka mikono ya maombi. Halafu Macharia, yule anayelalamika kila muhula, hata yeye: "Mzee Ondiek ugua pole, madereva kama wewe wameisha." Zikafuata nyingine na nyingine, simu inatetemeka gotini, mpaka Naomi akamshika mkono na kuanza kulia taratibu, safari hii bila hasira.

"Umeona?" akamwambia. "Umeona watu? Na ulikuwa unaogopa bure."

Halafu akaandika Wakoli, baba yake Nanyama.

"Asante sana Mzee kwa kutuambia mapema, kabla jambo baya halijatokea. Wachache wangefanya hivyo. Mungu akubariki."

Ondiek aliisoma. Akaisoma tena. Watu wengine wanne wakaweka amina chini yake. Sasa jambo lilikuwa limekwisha, unaona? Gari limesimama, watoto wako salama, jina lake limebaki limesimama, tena limeng'aa kuliko mwanzo. Alichotakiwa kufanya ni kuzima simu akale chakula.

Akaanza kuandika.

"Unaandika nini?" Naomi akauliza. Akainama akasoma, na akamshika kifundo cha mkono. "Baba Felix, wacha. Umeshasimamisha gari. Imetosha."

"Amesema mapema," Ondiek akasema. "Huyo ni baba ya Nanyama, na amesema mapema."

Naomi alimtazama, halafu akamwachilia mkono. Ondiek akamaliza kuandika kwa kidole kimoja: "Si mapema. Ni tangu Agosti. Novemba nilikaribia kugonga mtu nikiwa na watoto watano ndani, Nanyama ndiye alinisimamisha. Muulizeni." Akatuma.

Amina zikakoma. Alama mbili chini ya ujumbe zikageuka buluu, kuonyesha kwamba wazazi wote kumi na saba wameusoma. Juu ya kioo ikatokea kwamba Wakoli anaandika, ikapotea, ikatokea tena, ikapotea. Mume na mke waliketi pale nyuma ya jikoni, tochi imezimwa, wakitazama ile simu, na hakuna mzazi aliyeandika kitu.